Kwa Kemilembe, Aliyesema Amemaliza Vitabu

Mjukuu wangu Kemilembe,

Shikamoo yako sijaisikia tangu ulipopanda basi baada ya Krismasi, kwa hiyo marahaba naitoa bila kuombwa. Marahaba. Sasa kaa chini unisikilize.

Kalamu ni ya Deo, yule wa bodaboda wa hapa Songambele anayenibebea ndizi kwenda sokoni. Maneno ni yangu. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni kichwani, na hilo unalijua tangu utotoni. Deo ameniuliza kama alainishe mahali penye ukali. Nimemwambia akilainisha neno hata moja atafute mahali pengine pa kunywa chai. Akimaliza ataipiga picha barua hii na kuiweka kwenye kundi la ukoo, kule kwenye simu, mama yako aione, wajomba zako waione, na hao binamu zako wa Kihanga wanaotuma picha za keki kila siku waione. Ulichokisema ulikisema mbele ya watu. Na mimi nakujibu mbele ya watu.

Ulisema umemaliza.

Ilikuwa asubuhi, siku ya pili baada ya Krismasi. Mimi nimekaa jikoni kwenye kigoda changu, mkungu wa ndizi mbele yangu, kisu mkononi. Kwenye kapu nyuma yangu kulikuwa na kile kitabu chetu kisicho na jalada. Nilikuwa nimekitunza muda wote uliokuwa chuoni, nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni mende wasikifikie. Nikakuita, "Kemi, njoo umvushe huyu mwanamke, amesimama mtoni tangu mwaka jana." Ukaja mpaka mlangoni. Simu mkononi, kidole kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka. Ukacheka. Kingekuwa kicheko cha dharau ningekurushia ganda la ndizi na mambo yangeisha hapo. Lakini kilikuwa kicheko cha upole, kama cha mtu anayemtuliza mtoto.

"Bibi jamani, mimi nimemaliza mambo ya vitabu. Vitabu ni vya mtihani. Nimefanya, nimefaulu, basi."

Mama yako akasema, "Mwache apumzike, mama, amesoma sana huyu."

Nikarudi kwenye ndizi zangu. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kunyamaza, hata padre huwa anaharakisha mahubiri akiona nimeanza kukohoa. Nilimenya mkungu wote kimya. Mlikula ndizi zile mkazisifu, na hakuna aliyejua nimezimenya kwa uchungu gani.

Basi leo nataka kukuuliza. Kama vitabu ni vya mtihani, mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote ile? Mtihani wangu uko wapi? Cheti changu nani anacho?

Ngoja nikukumbushe tulikotoka, maana naona simu imekupangusa kichwa.

Uliletwa kwangu meno ya mbele yakiwa yanang'oka. Mama yako alikuwa na biashara yake Murongo, leo yuko upande huu wa mpaka, kesho yuko Uganda, na mtoto hawezi kukua juu ya magunia. Ukawa unarudi shuleni umevaa sketi iliyokuzidi, unakaa kwenye lile gogo pale jikoni, unasoma kwa sauti kwa sababu mwalimu alisema msome kwa sauti nyumbani. Mimi namenya. Sikuwa na nia ya kusikiliza. Nilidhani ni kelele za shule, kama kengele.

Kisha siku moja ukasoma habari ya mzee aliyemwazima jirani jogoo wake. Jirani akakataa kumrudisha, akasema jogoo mwenyewe ndiye hataki kurudi. Ukafunga kitabu. Nikakuuliza, "Halafu?"

"Halafu mwalimu hajafika huko, Bibi."

"Mwalimu yuko nyumbani kwake. Wewe uko jikoni kwangu. Geuza karatasi."

"Tutachapwa."

"Waambie waje wanichape mimi. Geuza."

Ukageuza. Ndivyo tulivyoanza, mjukuu wangu. Hatukukaa kikao cha kupanga kwamba sasa tutakuwa watu wa kusoma. Mimi nilitaka kujua habari za jogoo, na ndizi zilikuwa hazijaisha.

Na ndizi ndizo zilizotushika. Katika nyumba hii ndizi zinamenywa kila siku, iwe mvua, iwe jua, awepo mgonjwa, asiwepo. Kusoma tukakufunga palepale kwenye kumenya, kama mbuzi anavyofungwa kwenye mti uliokwisha kuota. Watu wananiambia leo, "Mimi natamani kusoma lakini sipati muda." Muda gani wanautafuta? Nani aliwahi kuukuta muda umekaa barabarani unamsubiri? Tafuta kazi ambayo lazima uifanye kila siku, uweke kitabu juu yake. Ukingoja siku nzuri ya kusoma utaingojea mpaka wakufukie.

Tena kulikuwa na ule utomvu. Unaukumbuka ulivyokuwa ukitutenga? Mikono ya anayemenya inakuwa myeusi, inanata, ikigusa karatasi haitoki tena. Kwa hiyo hata ningekuwa nimesoma nikawa profesa, pale jikoni nisingeweza kushika kitabu. Mmoja amenye, mwingine asome. Mara moja tu ulisahau, ukanisaidia ndizi moja kisha ukashika ukurasa wa kile kisicho na jalada, kidole gumba chako kikabaki pale mpaka leo. Ulilia. Nikakwambia nyamaza, hicho kitabu sasa ni chetu, kina alama yetu kama ng'ombe.

Wewe nawe hukuwa malaika. Nakumbuka senene walipokuja wengi, watoto wenzako wanakuita nje, na mimi nataka tusome huku tukinyonyoa mabawa. Ukaanza kuruka kurasa. Ulidhani bibi asiyejua herufi hatajua. Ukasoma, "Mzee Rutashobya akaamka, akaosha uso." Nikasimamisha mikono.

"Rutashobya yupi?"

"Rutashobya huyu huyu, Bibi."

"Si tulimzika jana? Mke wake si alijitupa chini akalia, na mimi nikalia naye? Leo anaoshaje uso?"

Mama mdogo wako alicheka mpaka senene wake wakamwagika. Kumbe uliruka kwenda mbele, ukakosea, ukageuza nyuma. Ukarudi palepale, ukasoma kila neno, pua imevimba. Tangu siku hiyo hukuruka tena. Lakini mimi nilijifunza jambo siku ile, nalo sijawahi kukwambia. Uliruka kwa sababu kitabu kile kilikuwa kizito kama mawe, na mimi nilikuwa nakulazimisha. Baada ya mazishi ya Rutashobya hakikuwa na kitu tena. Tulipaswa kukiacha na kutafuta kingine.

Ndiyo maana tukaanza kwenda mnadani kuchagua wenyewe. Unamkumbuka yule muuza mitumba, vitabu vyake viko chini ya viatu? Nilikuwa nakwambia, fungua katikati, soma. Unasoma umesimama, mimi nimeinamisha sikio, wanawake wa vitenge wanaanza kusogea. Yule bwana anakasirika.

"Mama, unanunua au unasikiliza redio?"

"Nanunua kikinishika. Wewe huwa unanunua shati bila kulivaa?"

Vingi havikunishika. Kitabu kinachoanza kunihubiria nakirudisha, kuhubiriwa nahubiriwa Jumapili. Kitabu ambacho watu wake wote ni wazuri nakirudisha, kwa kuwa watu hao siwajui. Watu hukistahi kitabu kibovu eti kwa kuwa ni kitabu. Mimi ndizi iliyooza siistahi eti kwa kuwa ni ndizi. Kisha ukafungua hicho kisicho na jalada, ukasoma: mjane amefukuzwa na shemeji zake, amebakiwa na ng'ombe mmoja, anamwambia yule ng'ombe, "Usinitazame hivyo, na mimi sijui tunakokwenda." Ukafika mwisho wa ukurasa. Yule muuzaji mwenyewe akasema, "Endelea kidogo." Nikamwambia, "Haendelei mtu. Funga, huyu tunaenda naye nyumbani."

Jina lake hatulijui mpaka leo, jalada limeliwa na safari. Sisi tulikiita Mama Ng'ombe. Tulikisoma kila uliporudi likizo, polepole, na wewe ndiwe uliyenifundisha kuacha mahali patamu ili kesho ituvute. Ulipokwenda chuo tulikuwa tumefika mtoni. Mto umejaa. Mwenye mtumbwi anataka apewe yule ng'ombe ndiyo amvushe mjane. Ng'ambo kuna kiwanja alichopewa na mama yake. Mjane amesimama, kamba mkononi. Ukachana unyuzi wa mgomba mkavu, ukaulaza kwenye ukurasa. Ukasema, "Bibi, usimruhusu mtu mwingine akusomee. Mimi nitarudi tumvushe pamoja."

Waitu, mwana wetu Kemi. Ulirudi. Ukasema umemaliza.

Mlipoondoka wote nikabaki na jiko lililonyamaza. Nikamenya siku ile, nikamenya na kesho yake. Kisu kinalia chwa, chwa, chwa, na yule mwanamke amesimama mtoni kwa sababu mjukuu wangu amefaulu. Ikanipanda hasira ambayo sikuwa nayo hata baba yenu mkubwa alipouza mgomba wangu wa mbegu. Nikasema, hapana. Kitabu hiki hakitafia kwenye mfuko wa nailoni. Niliambiwa nisisomewe na mwingine, nami nikalishika neno lako kuliko wewe ulivyolishika. Sasa basi.

Nawe unajua kwetu mgeni akiingia hapewi maneno matupu. Unamletea akamwani kwenye kikapu kidogo, ile kahawa iliyochemshwa na majani ya harufu ikakaushwa, achukue punje chache atafune, ndipo mzungumze. Hata adui yako akiingia unampa. Nami nikaibadilisha desturi kidogo. Kwangu mgeni anasoma ukurasa kwanza, kahawa baadaye.

Wifi yangu Yustina alipiga makofi kwa mshangao. "Umerukwa na akili. Mgeni unamnyima kahawa? Marehemu kaka yangu angesema nini? Watakukimbia, utabaki na vitabu vyako na paka."

"Wakimbie," nikamwambia. "Anayekimbia ukurasa mmoja alikuja kunifanyia nini?"

Wa kwanza kunasa alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikamtolea kitabu, akapapasa mifuko ya shati. "Mama, macho yangu siku hizi, we acha tu." Nami jana yake nilimwona nyuma ya mibuni anasoma meseji, anatabasamu peke yake kama bwana harusi. Nikamwambia hivyo hivyo, mke wake yupo. Macho yakapona palepale. Akasoma.

Kisha Deo. Ananiomba nisiliseme hili, na nimemwambia aandike. Alikuja kuchukua mkungu. Nikampa kitabu.

"Bibi, nina abiria."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Basi msubiri ukisoma."

Akasoma na kofia yake ya pikipiki kichwani. Alisoma kama mtu anayesukuma pikipiki yenye pancha kwenye mlima, neno moja, anapumua, neno moja, anapumua. Sikumcheka. Katikati ya ukurasa nikaona amevua kofia. Mwisho wa ukurasa akaniuliza, "Halafu?"

"Halafu nini? Ukurasa umeisha. Chukua kahawa yako, abiria anakungoja."

Kesho yake nasikia pikipiki uani. "Bibi, una mzigo?"

"Sina."

"Hata mdogo?"

"Hata mdogo sina."

Akasimama, anaangalia mgomba kama hajawahi kuuona. Nikasogeza gogo kwa mguu. Lile gogo lako, Kemi. Akakaa.

Sasa nikuambie jiko lako lilivyo. Deo anakuja asubuhi kabla ya kwenda kijiweni. Amesoma mpaka ulimi umelainika, hapumui tena katikati ya maneno. Jioni anamsomea mke wake nyumbani kwao, huku mke anachambua maharage. Hapa kwangu mwenyekiti naye anakuja na kugombana na kitabu. Alisema shemeji za yule mjane walikuwa na haki yao kwenye shamba, kwa desturi ya ukoo. Nikakivuta kikapu cha kahawa. Akasema labda si haki yote. Nikakivuta zaidi. Akasema aendelee kusoma kwanza ndipo aamue. Yustina, aliyesema watanikimbia, anakuja kuomba chumvi ambayo nyumbani kwake anayo. Mle kitabuni kuna wifi mwenye roho mbaya, na Yustina hataki mtu mwingine amsome huyo. Anasema wengine hawamtendei haki. Akimsoma, sauti inabadilika mpaka kuku wanatoka jikoni.

Simu zinaingia kwenye kapu la viazi wakati wa kusoma, ya mwenyekiti pamoja nayo. Zinalia humo, viazi vinapokea.

Na hatukuishia hapo. Kuna kingine tulikianza, zawadi ya mtu wa kanisani, cha namna ya kufanikiwa maishani. Kurasa chache tu nikasema kitoe, huyu mwandishi hajawahi kuishiwa chumvi. Hakuna aliyenichapa. Deo akaenda mpaka Murongo na abiria, akarudi na kingine kifuani ndani ya koti, anacheka, anasema, "Bibi, nilifungua katikati kama unavyofundisha, nikachelewa kumrudisha abiria." Hicho ndicho tunachosoma sasa.

Umesikia nilivyosema? Kingine. Maana Mama Ng'ombe tumemmaliza.

Ndiyo. Hatukukusubiri. Nilikaa na ahadi yako mpaka nikaona inaoza, nikaitoa. Kama habari ya kuchelewa itakuuma, iume. Mimi iliniuma yangu pale jikoni na sikufa. Siku Deo aliposoma mistari ya mwisho palikuwa na watu mpaka mlangoni, Yustina amejifunika uso na kitenge, mwenyekiti anasema moshi unamuumiza macho na moto ulikuwa umezimika. Mimi nilikuwa nimeshika ndizi nusu imemenywa. Nilimtafuta mtu mmoja pale kati ya wale wote nimwangalie usoni nione kama amesikia nilichosikia. Hakuwepo. Alikuwa chuoni Mwanza, amemaliza vitabu.

Mama yako alinipigia wiki iliyopita, akasema, "Mama, usimkasirikie mtoto, siku hizi wote wako hivyo." Najua wote wako hivyo. Nawaona. Wanatoka shule, wanachoma madaftari, wanacheza kuzunguka moto, na vitabu wanafungia karanga. Aliyewaambia kwamba kitabu ni fimbo ya kukuchapa mpaka ufaulu, kisha unaitupa, amewaibia, na mimi sitamchekea eti kwa kuwa amewaibia wote. Mtoto aliyenitoa mimi kwenye hili jiko, akanipeleka mjini, akanipeleka kwenye vita, akanipeleka kwenye harusi za watu nisiowajua, akanifanya nilie kwa ajili ya mzee wa kwenye karatasi, huyo haniambii vitabu ni vya mtihani. Mwingine aseme. Wewe huna ruhusa.

Sikukusomesha ili uwe na cheti tu. Cheti ni chako, kitakupa kazi, nashukuru, weka ukutani. Lakini mimi nilikuwa namlea mtu wa kusema naye. Ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka nikizeeka niwe na mtu mmoja duniani ninayeweza kumwambia, "Unakumbuka alivyomwambia ng'ombe?" naye akumbuke. Nimezeeka sasa. Namtaka mtu wangu.

Kwa hiyo sikiliza masharti. Ukija Pasaka usiniletee sukari, wala mkate wa mjini, wala kanga yenye maneno ambayo itabidi Deo anisomee. Simu ni kwenye kapu la viazi. Ukurasa kwanza, kahawa baadaye, hata wewe niliyekubeba mgongoni mpaka miguu yako ikaburuta chini. Na huko chuoni anza leo. Usiseme utasoma vitabu vingi. Unasuka nywele? Unafua? Unapika na yule mwenzako wa chumbani? Basi mmoja apike, mwingine asome. Fungua katikati, kikikushika rudi mwanzo, kisipokushika kitupe kwa amani.

Najua habari za kusoma kwetu zilishakufikia huko, maana umetuma kwa Deo ujumbe, ukamwuliza kwa siri kama yule mjane alimtoa ng'ombe. Ameniambia. Hakuna siri hapa. Nimemkataza kukujibu, na nimewakataza Yustina na mwenyekiti, na mama yako hajui chochote kwa hiyo usimsumbue.

Kitabu kiko kwenye mfuko wake wa nailoni. Kidole chako cha utomvu kipo, na unyuzi wako wa mgomba sikuutoa. Tulisoma tukiusogeza kidogo, tukaurudisha kila siku palepale ulipoulaza. Sisi tulishaondoka mtoni siku nyingi. Wewe bado umesimama pale na kamba mkononi, na yule ng'ombe anakutazama.

Gogo lako Deo atakupisha. Nimeshamwambia.

Mimi bibi yako,
nimeshika kisu, mikono yangu ina utomvu.